Kamusi ya KBBI Mtandaoni: Inamfaa Kiasi Gani Anayefuatilia Asili ya Neno Biola?

Mpenzi wa muziki anayeanza kusoma habari za Indonesia hakawii kukutana na neno biola. Limo katika maelezo ya muziki wa keroncong, limo katika habari za ronggeng, ngoma ya Wamalei wa Sumatra, na limo hata katika historia ya wimbo wa taifa wa nchi hiyo, kwa kuwa mtunzi wake, W. R. Supratman, aliusikilizisha hadharani kwa biola, bila kuimbwa maneno yake, katika Kongamano la Pili la Vijana lililofanyika Batavia, yaani Jakarta ya leo, tarehe 28 Oktoba 1928. Ala yenyewe ni ile ile ambayo wapigaji wa taarabu wa Unguja na Mombasa huiita fidla. Msomaji wa Kiswahili, ambaye lugha yake nayo imepokea maneno kutoka kila pande ya Bahari ya Hindi, ni lazima ajiulize neno hilo lilifikaje huko na lina ndugu gani kwingineko, na mahali pa kwanza pa kuuliza ni kwenye kamusi.

Kamusi ninayoitathmini hapa ni Kamus Besar Bahasa Indonesia, inayojulikana zaidi kwa kifupisho chake, KBBI. Ni kamusi rasmi ya Kiindonesia, na hutolewa na chombo cha serikali kinachosimamia ukuzaji wa lugha hiyo. Toleo la kwanza lilitoka mwaka 1988 likiwa na vidahizo, yaani maneno yanayofafanuliwa, vipatavyo 62,000. Toleo la tano lilizinduliwa tarehe 28 Oktoba 2016 pamoja na huduma ya mtandaoni, na mwaka 2023 likafuatiwa na toleo la sita. Kutafuta maneno katika kamusi hii mtandaoni hakuna malipo. Ipo pia programu ya simu. Tarehe ya uzinduzi haikuchaguliwa ovyo, kwani ni siku ile ile ambayo vijana wa mwaka 1928 walikula kiapo cha kuwa na lugha moja ya umoja, yaani Kiindonesia, siku iliyosikika biola ya Supratman. Kwa hiyo kuipima kamusi hii kwa neno biola ni kuipima kwa neno lililo karibu nayo.

Ukurasa wa neno lenyewe ni mfupi na safi. Kidahizo kimeandikwa kwa nukta zinazotenganisha silabi, bi·o·la, kisha inafuata herufi n, na ukiiwekea kishale cha kipanya unaelezwa kwamba maana yake ni nomina. Baada ya hapo unapewa maana: ni ala ya muziki inayopigwa kwa kukwaruzwa kwa upinde. Msamiati wa Kiindonesia una mpangilio mzuri katika jambo hili, kwa sababu ala hugawanywa kwa namna zinavyopigwa: gesek ni za kukwaruzwa kwa upinde, petik ni za kudonolewa kwa vidole, tiup ni za kupulizwa na pukul ni za kugongwa. Anayejifunza lugha akisoma vidahizo vinne au vitano vya ala za muziki huwa ameshapata mfumo mzima bila kufundishwa. Katika upande huu kamusi inastahili sifa bila masharti, na ningependa kuona kamusi zetu zikieleza ala zetu kwa uthabiti wa namna hiyo, badala ya kumwacha msomaji na maelezo ya "aina ya ngoma" au "aina ya kinanda".

Upungufu unaanza pale unapouliza swali la asili. KBBI haikuandikwa iwe kamusi ya etimolojia, na haki inadai tuiseme hivyo kabla ya kuilaumu. Mtumiaji aliyejisajili huonyeshwa etimolojia ya baadhi ya maneno, lakini ni baadhi tu, na maelezo yenyewe huwa mafupi. Maneno ya lugha za kienyeji hupewa alama: Jw kwa Kijava, Sd kwa Kisunda, Mk kwa lugha ya Minangkabau. Neno la kigeni lililokwisha kukaa na kuzoeleka, kama biola, linasimama kama mwenyeji. Msomaji aliyezoea Kamusi ya Kiswahili Sanifu, ambamo maneno mengi ya mkopo hufungiwa kwa kifupisho cha lugha yalikotoka, ataona kwamba kuna kitu kimekosekana, nami naona yuko sahihi. Kifupisho cha herufi tatu hakigharimu nafasi, na kinamwepusha msomaji na kubahatisha kwingi.

Hata hivyo, kamusi inayonyamaza kuhusu asili bado inaweza kulazimishwa kusema, iwapo utaisoma kwa kulinganisha kidahizo na kidahizo. Tafuta maneno ya muziki moja moja na utaona tabaka tatu zikijipanga zenyewe. Tabaka la kwanza ni la Kiarabu: rebab, ala ya upinde inayopatikana katika gamelan, kundi la ala za kugongwa la Java, na gambus, ambayo mtu wa pwani ataitambua mara moja kuwa ni gambusi yetu, iliyotoka Yemen na kusafirishwa na Wahadhrami pande zote mbili za bahari. Tabaka la mwisho ni la Kiholanzi, nalo ndilo kubwa: musik kutoka muziek, orkes kutoka orkest, gitar kutoka gitaar. Katikati ya tabaka hizo mbili, peke yake kama kisiwa, imekaa biola.

Upweke huo ndio ushahidi. Waholanzi huiita ala hiyo viool, na kama neno lingeingia pamoja na musik na orkes, lisingekuja na irabu a mwishoni. Irabu hiyo ni ya Kireno: viola. Sauti v iligeuka b kwa sababu Kimalei cha wakati huo, mzazi wa Kiindonesia, hakikuwa na v wala f kama sauti zake za asili, na mabadiliko ya namna hiyo yanaonekana katika maneno mengine ya Kireno: festa ikawa pesta, yaani sherehe, na garfo ikawa garpu, yaani uma. Sasa tafuta violis katika kamusi hiyo hiyo. Ni mpiga biola, na limeandikwa kwa v, kwa kuwa lilitoka kwa Kiholanzi violist katika zama ambazo Waindonesia waliosoma shule za kikoloni hawakuona tena haja ya kulibadilisha. Ala ina jina la Kireno na mpigaji wake ana jina la Kiholanzi. Karne kadhaa za historia zimekaa katika maneno mawili, na kamusi inakupa yote mawili bila kukueleza lolote.

Wareno waliiteka Melaka, bandari ya Wamalei, mwaka 1511 chini ya Afonso de Albuquerque, wakaishikilia hadi Waholanzi walipowanyang'anya mwaka 1641. Lakini lugha yao haikuondoka na bendera yao. Kireno cha mchanganyiko kiliendelea kuwa lugha ya sokoni na nyumbani katika bandari nyingi za Asia, na ndani ya Batavia yenyewe, makao makuu ya Waholanzi, kilisemwa na watu walioitwa Mardijker, ambao walikuwa watumwa walioachwa huru na wazao wao, wengi wao wakiwa wametokea India na Melaka. Baadhi yao walipewa makazi Tugu, kaskazini mwa Jakarta ya leo, katika karne ya 17, na muziki wao wa keroncong unapigwa huko hadi sasa. Katika keroncong, biola hubeba sauti ya juu pamoja na filimbi, huku ala mbili ndogo mfano wa gitaa, cak na cuk, zikijibizana kwa kasi, na selo, ndugu mkubwa wa fidla mwenye sauti nzito, ikidonolewa kwa vidole kama ngoma. Nimetaja jambo hili la selo kwa makusudi, kwa kuwa mtu aliyezoea kuiona ikipigwa kwa upinde katika okestra za Ulaya hushangaa.

Kidahizo cha keroncong, kwa upande mwingine, kinaonyesha KBBI ikiwa katika ubora wake. Imelitenga neno hili katika homonimu, yaani maneno ya umbo moja yenye maana tofauti, zenye namba, mojawapo ikihusu bangili za miguuni zinazolia, nyingine ikihusu ala ndogo yenye nyuzi na muziki unaopewa jina la ala hiyo. Na tumbo la mwenye njaa nalo, Waindonesia husema, ni keroncongan. Anayesoma maana hizo kwa mfululizo anaona mwenyewe kwamba jina limetokana na mlio. Ala ni ya Kireno kwa ukoo, jamaa wa cavaquinho, gitaa dogo la Wareno, na jamaa pia wa ukulele, ambayo babu yake aliletwa Hawaii na wahamiaji kutoka Madeira mwaka 1879. Jina lake ni la nyumbani. Biola ni kinyume: jina lilipokelewa, likapunguzwa makali ya matamshi tu.

Hapa ndipo mtumiaji wa KBBI analazimika kuiacha na kwenda kwingine, maana ndugu wa Ulaya wa neno viola hawamo ndani yake, wala hakuna sababu ya kutarajia wawemo. Ukoo huo ni mkubwa. Katika Kilatini cha zama za kati kulikuwa na neno vitula, jina la ala ya nyuzi. Wapo wataalamu wanaolihusisha na kitenzi vitulari, kushangilia, na mungu wa kike wa furaha aliyeitwa Vitula; wapo wanaolichukua kuwa ni mwigo wa sauti. Mimi naona vyema kuuacha mzizi huo wazi, kwa sababu ushahidi wa pande zote mbili ni mwembamba, na kwa sababu matawi yake yanavutia kuliko mzizi wenyewe.

Tawi moja lilipita kusini. Katika lugha ya Provence, lugha ya washairi waimbaji wa kusini mwa Ufaransa, lilikuwa viola au viula. Wataliano wakawa na viola, Wafaransa wakawa na vielle na viole, Wahispania wakawa na vihuela. Majina haya hayakushikamana na namna moja ya kupiga. Vihuela ya Hispania katika karne ya 16 ilijulikana zaidi kama ala ya vidole. Vielle ya Ufaransa ilianza kama ala ya upinde, kisha jina likahamia kwenye ala ambayo nyuzi zake husuguliwa na gurudumu linalozungushwa kwa mkono. Wareno nao, hadi leo, wakisema viola mara nyingi wanakusudia ala ya jamii ya gitaa, na Brazili ina viola caipira yenye nyuzi kumi zilizopangwa kwa jozi tano. Fidla ya kawaida wanaiita violino, na ile ya kijijini huitwa rabeca.

Tawi la pili lilipita kaskazini, katika lugha za jamii ya Kijerumani. Mshairi na mtawa Otfrid wa Weissenburg, aliyeandika katika karne ya 9, alitaja fidula miongoni mwa ala za muziki. Wajerumani wana Fiedel, Waholanzi wana vedel kwa ala ya zama za kati, Waiceland wana fiðla, Wanorwei wana fele, na Waingereza wana fiddle. Kutoka kwa Waingereza neno likafika pwani yetu, likawa fidla. Kwa njia hiyo fidla inayopigwa katika taarabu ya Zanzibar, ambako kikundi cha Ikhwani Safaa kilianzishwa mwaka 1905, na biola ya keroncong ya Tugu ni watoto wa neno moja: moja limepita kwa Waingereza, jingine kwa Wareno, na kila moja likakutana na gambusi lilipofika. Hata sauti zao za mwanzo zinaeleza safari zao, kwani f ni alama ya njia ya kaskazini na v, iliyogeuka b, ni alama ya njia ya kusini.

Wataliano waliendelea kulizalisha neno lao. Viola ndogo ikawa violino. Viola kubwa ikawa violone. Violone ndogo ikawa violoncello. Neno hili la mwisho likakatwa kichwa Ulaya, na mkia wake ukaingia Kiindonesia kama selo. Mkia wenyewe ni kiambishi cha kuonyesha udogo, kama vile mtu angechukua neno kijumba, akatupa jumba, akabaki na ki peke yake. KBBI inaorodhesha biola na selo kama ala mbili zisizohusiana kwa jina, na kwa matumizi ya leo ni sahihi, ingawa moja ni bibi na nyingine ni kipande cha mjukuu.

Kuna swali moja ambalo mtafiti makini atalifikia, nalo ndilo linalonifanya nitamani kamusi ingeweka angalau mwaka mmoja kando ya neno. Fidla ya nyuzi nne tunayoijua leo ilijengeka kaskazini mwa Italia katika karne ya 16, na Andrea Amati wa Cremona, mmoja wa mafundi wake wa mwanzo wanaojulikana kwa jina, alifanya kazi katikati ya karne hiyo. Melaka ilikuwa imeshaanguka. Viola ambayo mabaharia wa Albuquerque wangeweza kuwa nayo mwaka 1511 haikuwa fidla hii. Ilikuwa ni ala ya vidole, au ni viola de arco, yaani viola ya upinde ya umbo la zamani. Kwa vyovyote vile, jina lilitangulia au lilihama kutoka ala moja hadi nyingine, na katika Kimalei likatulia kwenye ala ya upinde huku katika Kireno chenyewe likitulia kwenye ala ya vidole. Nadhani uwepo wa rebab ulisaidia: watu waliokuwa na ala ya upinde tayari walikuwa na mahali pa kuiweka nyingine. Minangkabau, magharibi mwa Sumatra, inaipa dhana hiyo nguvu, kwa kuwa rabab pasisia, ala ya wasimuliaji wa pwani ya huko, ina umbo la fidla, lakini inaitwa kwa jina la Kiarabu na hupigwa ikiwa imesimamishwa wima mbele ya mpigaji aliyeketi chini. Na kama vile mzunguko haujatosha, rabeca ya Wareno nayo ni mzao wa rabab ya Kiarabu iliyoingia Ulaya katika zama za kati.

Msomaji wa Kiswahili ana faida ambayo msomaji wa Ulaya hana. Wareno hao hao walipita kwetu, wakaanza kujenga Ngome ya Yesu, Mombasa, mwaka 1593, na maneno waliyoyaacha yanafanana na yale ya Indonesia: meza yetu ni meja yao, na bendera ni bendera kwa herufi zote. Igreja, yaani kanisa, imekuwa gereja huko na imebaki kuwa kanisa. Kwetu imekuwa gereza, na anayeifahamu Gereza ya Kilwa Kisiwani anajua kwamba ilikuwa ngome kabla neno halijawa jela. Hata neno kamus, lililo katika jina la kamusi hii, ni qamus ya Kiarabu iliyotupa kamusi. Kwa hiyo Mswahili anaweza kukisia asili ya vidahizo vingi vya KBBI kwa usahihi kuliko anavyodhani, lakini kukisia si kuthibitisha, na orodha ya maneno ya mkopo katika Kiindonesia na Kimalei iliyohaririwa na Russell Jones na kuchapishwa Leiden mwaka 2007 ndiyo inayopaswa kuwekwa kando ya kamusi hii. Kwa maneno ya Kireno peke yake, kazi ya padri wa Goa, Sebastião Rodolfo Dalgado, iliyotoka mwaka 1913, bado haijachakaa.

Kwa upande wa huduma yenyewe, mambo machache yatamhusu mtumiaji wa kawaida. Asiyejisajili huwekewa kikomo cha maneno anayoweza kutafuta kwa siku, jambo linalomkera anayefanya ulinganisho wa namna niliyoieleza, maana ulinganisho hula vidahizo vingi kwa haraka. Kujisajili ni bure, na ndiko kunakofungua etimolojia. Maelezo yote yako kwa Kiindonesia, hivyo mgeni kabisa wa lugha hiyo atahitaji msaada wa kutafsiri. Watumiaji wanaruhusiwa kupendekeza maneno na masahihisho, na wahariri huongeza maingizo kila baada ya muda, utaratibu ambao ungefaa kuigwa na wasimamizi wa kamusi za Kiswahili.

Mwalimu wa muziki, mwandishi wa makala na mwanafunzi wa Kiindonesia wataridhika nayo kwa maana na tahajia, na ningewashauri waitumie kabla ya kamusi yoyote ya lugha mbili. Anayetaka historia ya neno ajisajili kwanza, afungue vidahizo vya rebab, biola, gitar, selo na violis katika madirisha yanayopakana, kisha ndipo aende kwa Jones na Dalgado.